Jina la Mzee Ewaldi kwenye Nukta Info

Jumatatu, 24 Septemba 2001
Umeme umerudi saa nne. Kompyuta nne zinafanya kazi, ya tano imekufa tena. Nimechapa barua sita za Mzee Ewaldi kwa wageni wake wa Ulaya. Yeye anasema, mimi naandika Kiingereza. Miaka thelathini anapandisha watu mlimani, hajui kuandika hata salamu. Ananiita "mwanangu". Namwamkia shikamoo kila asubuhi. Namchukia.

Jumatano, 26 Septemba
Bwana Nazir, mwenye duka hili la intaneti, kaja na habari. Majina ya kwenye mtandao hayaishii tena kwenye nukta com na zile chache za zamani. Zinakuja nukta mpya. Nukta info imeshaanza, anayewahi ndiye anayepata. Kanituma niwaulize wateja wetu wa hoteli na utalii kama wanataka kuwahi majina yao. Hoteli mbili zimekubali. Mzee Ewaldi kacheka. "Mtu anakuwa na majina mangapi? Hiyo com inanitosha. Wageni wananijua."
Kweli wanamjua.

Alhamisi, 27 Septemba
Nimesajili jina lake kwenye nukta info. Nimelichomeka katikati ya majina ya hoteli. Bwana Nazir kalipa yote kwa kadi yake bila kusoma. Mwenye jina: mimi. Sijui nitalifanyia nini.
Uongo. Najua.

Jumanne, 9 Oktoba
Niandike mara moja, maana hakuna pengine palipoandikwa. Aloyce, mume wangu, alikuwa mpagazi wa Mzee Ewaldi. Machi 1998. Mvua, halafu theluji. Alipanda na koti la kuazima na raba miguuni. Kambi ya juu akaanza kutetemeka. Mzee alikuwa na mgeni aliyetaka kufika kileleni, akamwambia Aloyce ashuke peke yake. Walimkuta kesho yake amekaa juu ya jiwe, mzigo wa mgeni bado uko mgongoni.
Mzee hakuja kuzika. Alituma sukari kilo tano.
Mwaka uliofuata nikapata kazi hapa, naye akaja kuchapisha barua. Hajui mimi ni nani. Hajawahi kuuliza.

Jumanne, 16 Oktoba
Ukurasa uko tayari. Jina lake juu, picha yake chini yake. Nimeandika kwamba Mzee Ewaldi amefariki. Kwamba alikufa kwa baridi akishuka kutoka kambi ya juu, peke yake, ndani ya koti la kuazima. Nimewatumia anwani hiyo wageni wake wote wa zamani. Nimerudi chumbani kwangu Majengo, nimekula nikashiba.

Ijumaa, 2 Novemba
Barua zinamiminika. Zinaingia kwenye sanduku lake la barua pepe, ambalo mimi tu ndiye ninayelifungua. Mwalimu mmoja wa Uswisi anasema amelia darasani. Mwingine amempa mwanawe jina la Ewaldi. Nazisoma zote, kisha nazificha. Aloyce hakupata hata moja.
Jioni Misa ya marehemu wote. Nimeandika jina la Aloyce kwenye bahasha ya kuombea wafu. Nilitamani kuandika na la Mzee.

Jumatano, 14 Novemba
Kadi imekuja kwa posta, imeandikiwa mjane wa Ewaldi. Mkewe ndiye aliyeipokea. Mzee kaileta nimsomee.
"Inasemaje?"
"Wanatoa pole, Mzee. Wanasema umekufa."
Akakaa kwenye kiti cha wateja. Akajishika kifua, kama mtu anayehakikisha.
"Waandikie niko hai. Wote."
Nikaandika mbele yake, barua nzuri. Alipoinuka nikazifuta.
"Zimekwenda?"
"Zimekwenda."

Alhamisi, 20 Desemba
Mji umejaa watu waliorudi nyumbani kula Krismasi. Waongoza wageni wote wamepungukiwa, watu wanaogopa ndege tangu yale mashambulizi ya Septemba. Lakini wenzake wanapata wawili, watatu. Yeye hapati hata mmoja. Gari ameuza. Leo nimesikia amepanda mlimani kama mpagazi kwenye msafara wa mtu mwingine. Ana miaka hamsini na tisa.
Nimefurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Alhamisi, 10 Januari 2002
Kaingia mama wa Kizungu, mtu mzima, daktari, na maua aliyonunua sokoni. Alishapanda na Mzee mara tatu. Anauliza kaburi liko wapi. Bwana Nazir akamwambia huyo mtu mbona yupo, akaagiza aitwe kutoka kwake mtaa wa Soweto.
Mzee akaja anachechemea, midomo imepasuka kwa baridi. Yule mama akaangusha maua, akamshika uso kwa mikono miwili. Kisha akamwonyesha Bwana Nazir ukurasa. Bwana Nazir akausoma kwa Kiswahili, wote wakasikia. Akatafuta mwenye jina. Akanigeukia.
"Kwa nini, mwanangu?" Mzee akauliza.
"Mimi ni mke wa Aloyce."
Akaangalia dari. Niliona anatafuta.
"Aloyce yupi?"
"Mpagazi wako. Alikufa Machi, tisini na nane."
"Machi ile walikufa wawili," akasema taratibu. Hakuwa na ubaya, alikuwa anajaribu kukumbuka. "Wako ni yupi?"


Jumatatu, 14 Januari
Nimefukuzwa. Sina cha kulalamika. Bwana Nazir kamhamishia Mzee jina la nukta info. Sasa anatumia majina yote mawili. Kwenye ukurasa wangu wameandika kwamba aliyezikwa yu hai. Wageni wamelipenda hilo. Februari yote ina watu.

Jumapili, 20 Januari
Nimepanda kijijini Kibosho kwa mama mkwe, mama yake Aloyce. Nimemkuta jikoni anamenya ndizi za supu ya mtori. Nimemwamkia, nikakaa, nikamweleza yote kuanzia mwanzo. Aliendelea kumenya.
Mwishoni akauliza kama kwenye ukurasa ule nilieleza mwanawe alivyokufa. Nikasema nilieleza, ila kwa jina la mwingine.
"Waliosoma ni wengi?"
"Wengi, mama."
"Walilia?"
"Walilia."
Akamaliza ndizi iliyokuwa mkononi. Akanisogezea kisu kingine, tukamenya.