Baba, Tumeingia Ruaha

Baba,

Tumeingia hifadhini. Mimi na Mama. Najua hutaamini, ndiyo maana nimelitanguliza hilo kabla hata ya kukusalimu.

Huu ni mwezi wa tano tangu tukuzike. Banda lako la kuziba pancha tumelifunga, ila magari bado yanasimama. Juzi lilisimama gari la watalii, dereva akashuka akaniuliza fundi yuko wapi. Mama akamwonyesha kaburi kwa kidole. Yule mtu akavua kofia, kisha akafungua tairi mwenyewe.

Ulikaa pale Idodi miaka yako yote, ukiziba matairi ya watu wanaokwenda kuona wanyama, na kila aliyerudi ulimuuliza, "Imelipa?" Wengine walikuonyesha picha kwenye simu, nawe ulifuta kwanza mikono kwenye suruali ndipo ukaipokea. Yupo mama mmoja wa Kizungu aliyelia akikueleza habari za simba, hata ukaja kutusimulia wakati wa kula. Lakini wakikwambia panda twende, ulikataa. "Tembo nawaona bure. Wanakuja wenyewe kula mahindi yangu." Watu walicheka. Na mimi nilicheka, na niliamini kabisa kwamba hutaki.

Hata hivyo nilikuahidi. Tangu nianze kuuza vitenge sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kila Krismasi nilisema mwaka ujao nakupeleka, utake usitake. Mara duka, mara watoto wanafungua shule, mara mvua imeharibu barabara. Halafu kifua chako. Sikukupeleka, Baba. Naiandika hivyo hivyo, sina namna ya kuipunguza.

Na nikuambie ukweli, nilikuwa nimeshakata tamaa na hivi vivutio. Unakumbuka nilivyopanda mlima kwenda kuona Ziwa Ngozi na akina mama wa kwaya? Tulipanda msituni tukishikana mikono, matope hadi magotini, tukafika juu tukakuta ukungu mweupe kama shuka. Ziwa lenyewe hatukuliona. Nilikupigia simu palepale juu, ukauliza imelipa, nikakujibu, "Ukungu, Baba." Ulicheka mpaka ukakohoa. Kwa hiyo safari hii nilikuja Idodi kutimiza neno langu tu. Niingie, nitoke, nirudi Mbeya.

Mama sikumtarajia. Tangu msiba anazungumza habari za kuku na kuni, basi. Jioni nilimwambia kesho naingia hifadhini. Asubuhi nikamkuta mlangoni amevaa kile kitenge chake cha Pasaka, rozari mkononi. Akasema, "Nami nakwenda."

Alitupeleka Bwana Felisi, yule dereva wa Iringa mjini uliyekuwa unamtania kwa ubahili wa kutonunua matairi mapya. Alituambia matairi matatu kati ya manne yana viraka vyako. Nilifurahi kusikia hivyo. Tukaandikwa getini, tukaingia.

Twiga walikuwepo, pundamilia, swala wengi kuliko mbuzi wa kijiji chetu. Mimi nilikuwa naonyesha huku na huku kama mtoto. Mama hakunyanyua uso. Vidole vyake vilikuwa vimeing'ang'ania rozari. Nikamwambia Bwana Felisi turudi. Mama akasema, "Twende mbele."

Tukafika kwenye mto uliokauka, mchanga mtupu, mpana. Hapo ndipo tulipowakuta, Baba. Tembo kumi na kitu, katikati ya mto. Bwana Felisi akazima injini. Kukawa kimya, unasikia masikio yao yakipepea. Mmoja, jike kubwa, alikuwa amesimama akichimba. Alipiga mchanga kwa mguu, akautoa kwa mkonga, polepole, mpaka mkonga ukaingia karibu wote. Akavuta maji, akayamwaga pembeni. Akasubiri. Akavuta tena, sasa akanywa. Kisha akasogea, mtoto wake akaja kwenye kile kisima.

Mama alikuwa ameinua uso.

"Anamwaga ya kwanza kwa sababu yana tope," alisema. "Anasubiri yatakate. Ndivyo mama yangu alivyonifundisha kuchota maji, mto huuhuu, kule chini."

Nilikuwa sijasikia sauti yake hivyo tangu tukuzike. Na akaendelea kusema, macho yasitoke kwao. Akanieleza kwamba nilipokuwa na miezi minne alikwenda kupalilia alfajiri, mimi mgongoni, na tembo akatoka kwenye mahindi. Alinifungua, akalala kwenye tuta, akaniweka chini yake. Tembo akaja akasimama juu yetu. Mama alisikia tumbo la yule tembo likinguruma, akamsubiri amkanyage. Tembo akaondoka. Tangu siku ile akisikia hata harufu yao mwili humwisha nguvu.

Kisha akasema, "Baba yako hakukataa kuja. Mimi ndiye niliyeogopa."

Akanieleza habari za siku moja ulipopata lifti ya kuingia hifadhini. Ulikuwa umeshavaa shati jeupe la kanisani. Alikushika mkono, akalia, akakuomba usiende. Ukalivua shati, ukalitundika, ukarudi bandani. Na siku ile ile, watu walipokuuliza mbona hukwenda, ndipo ulipoanza kusema tembo unawaona bure. Ili asichekwe yeye.

Baba. Maisha yangu yote nilidhani ni ubishi wako.

Wakati huo yule jike alikuwa ameanza kutembea kuja kwetu. Bwana Felisi alinong'ona tusisogee. Alikuja karibu mpaka nikaona kope zake, ndefu, zina vumbi, na makunyanzi ya ngozi yake kama ardhi ya kiangazi. Alikuwa mkubwa kuliko kitu chochote chenye uhai nilichowahi kuwa karibu nacho. Mwili wangu ulisisimka, na haukuwa woga. Ilikuwa kama kuingia kanisani watu wote wakiwa wamepiga magoti. Nikamgeukia Mama nimshike. Hakuhitaji kushikwa. Midomo yake ilicheza, akamsalimia kwa Kihehe, taratibu, kama anavyosalimiwa mtu mzima: "Kamwene."

Tembo akasimama kidogo. Akapita.

Imelipa, Baba. Hata kama tusingeona kingine chochote, imelipa.

Njia nzima ya kurudi Mama aliongea habari zako. Mengine siwezi kuyaandika, ni yenu wawili. Alicheka mara mbili. Leo asubuhi ameingia shambani peke yake, ameniambia nisimfuate.

Kesho narudi Mbeya. Najua nimekuwa mtu wa ahadi za Krismasi, kwa hiyo safari hii nakuahidi moja tu, na tarehe nimeshapatana na Bwana Felisi: kila kiangazi, miguu ya Mama ikiwa bado inambeba, nitakuja tuingie tena. Nilidhani nitalazimika kumbembeleza. Ameniuliza tu mwakani ni mwezi gani, na amesema kiti cha mbele ni chake.

Pumzika, Baba. Mama yuko salama mikononi mwangu.

Binti yako,
Veronika