Feri Haikuchelewa

Mjukuu wangu Mapenzi,

Marahaba, mama. Hapa Mtongwe tu wazima, ila mguu wa babu yako umevimba tena. Shangazi yako amenisomea ujumbe wako. Wasema uliiuliza ile mashine ya kwenye simu utafiti gani ufanye juu ya kina mama wanaozalia nyumbani huku kwetu, nayo ikakupa mawazo: umbali, nauli, feri kuchelewa. Waniuliza ushike lipi.

Dadangu Kadzo alizalia nyumbani. Hospitali ya ng'ambo ya feri aliijua, lakini alisikia huko kondo la nyuma hutupwa, naye alitaka lizikwe uani kama letu sote, ili mtoto ajue kwao. Damu haikukatika. Tukawakosa wote wawili, yeye na mtoto.

Baada ya matanga akaja bwana wa afya. Akamuuliza mama yetu kwa upole, "Ni feri ilichelewa?" Mama aliona haya kutaja kondo mbele ya mwanamume mgeni. Akajibu, "Ee, ni feri." Yule bwana akaandika, akaenda zake.

Basi mashine yako ikisema feri, mimi sishangai. Pengine imesoma majibu kama ya mama. Iulize, si vibaya. Lakini kisha uje ukae na hao kina mama, na ukiwauliza, usiwape swali na jibu lake pamoja.

Kondo tulilizika uani, alivyotaka. Kadzo tukamlaza kando yake.

Ni mimi nyanyako,
Mbeyu