Meneja Hajavuka Kizingiti

Ghorofa ya pili, nyuma ya karakana,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Nisamehe kwa kukaa kimya wiki sita. Barua yako imekaa juu ya friji mpaka imepata doa la chai, na kila niliposhika kalamu niliishia kuiweka chini. Si nafasi tu niliyokosa. Niliona aibu.

U hali gani? Mgongo umepoa? Hicho chumba kipya kinaingiza hewa? Sisi wazima. Mpwa wako Kibogoyo bado hana jino hata moja, ila anatambaa kama anakimbizwa. Shemeji yako yuko safarini na lori, tunamtazamia Alhamisi. Mimi nimechoka uchovu wangu wa kila siku, ule wa kugeuza blauzi nje ndani na kwenda nayo kazini hivyo hivyo.

Sasa niseme kilichonifunga mkono. Ni mbwa wako uliyeniachia, Meneja.

Unajua anavyokagua vyumba kila asubuhi. Kibogoyo alipoanza kutambaa niliogopa: mkia ule ukimpitia, mtoto chali. Bosi wangu kwa dobi ana mbwa aliyezoeshwa kizimba tangu mdogo. Mlango wake uko wazi mchana kutwa, na anaingia mwenyewe kulala kama mgeni wa hotelini. Akaniazima kizimba chao cha zamani, cha waya, akanieleza niende polepole: chakula kwanza ndani, mlango wazi siku kadhaa. Hiyo polepole ningeitoa wapi, Kaka? Siku ya pili nilimpeleka Kibogoyo kwa Mama, nikafunga komeo la kizimba ili mbwa azoee, nikaenda kupiga pasi, saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana.

Alilia siku tatu. Nikajiambia atazoea, maana hata Kibogoyo nilimzoesha kulala mwenyewe vivyo hivyo. Siku ya nne nilisimama kwenye ngazi nikasikiliza: kimya. Nikaenda kazini nimefurahi, nikajisifia kwa bosi.

Niliporudi, fundi viatu wa chini akanisimamisha. "Mama Kibogoyo," akasema, "mbwa amenyamaza, ila chuma kinalia."

Nilipanda mbio. Meneja alikuwa anatafuna waya bila sauti, povu limechanganyika na damu. Chonge limevunjika, kucha mbili zimeng'oka.

Daktari wa mifugo hakunifokea. Angenifokea ingekuwa nafuu. Alisema kuna mbwa ambao kizimba ni chumba chao cha kulala, na kuna ambao ni jela tu, hata uwazoeshe vipi. Akauliza kama huyu aliwahi kufungiwa.

Hapo nikakumbuka. Uliniambia stendi, umeshika mlango wa basi, kwamba ulimtoa kwenye stoo alimofungiwa na watu waliohama, na kwamba nisije nikamfungia. Nilikuitikia "sawa, sawa" huku natafuta chupa ya mtoto mkobani. Nilisikia, Kaka. Sikushika.

Kizimba nimekirudisha. Vidonda vimepona, lakini Meneja haingii ndani. Anakula ngazini, analala kwenye gunia la fundi viatu, na nikifungua mlango ananitazama miguu tu. Kibogoyo humwita kwa kelele zake. Wanatazamana, vibogoyo wawili, mmoja upande huu wa kizingiti, mwingine upande ule.

Najua utasema apelekwe kwa rafiki yako mwenye ua. Hapana. Mimi ndiye niliyemtoa, mimi ndiye nitakayemrudisha. Wewe pia ungeniandikia jambo kubwa kama lile, si kulisema basi likiwa linaondoka. Lakini hilo halinisafishi.

Mama anakusalimu sana, na fundi viatu pia, anayesema una mbwa mwenye adabu kuliko wateja wake. Nisalimie Shangazi hapo unapokaa. Mungu akutangulie kazini na akurudishe mzima.

Dada yako anayekupenda na kukuomba radhi,
Mama Kibogoyo

Ninavyohitaji bado ni hivi. Mkanda mrefu wa kumvalisha kifuani, usiwe wa shingoni. Kigeti cha mbao cha mlango wa jikoni, upana sentimita themanini. Hicho ni cha kumzuia mtoto, si mbwa. Shati lako la kazi ulilolivaa wiki nzima, usilifue, nitalitandika ndani hatua mbili kutoka mlangoni. Na lile neno ulilokuwa ukimwambia mpaka anajikunja analala. Liandike kama unavyolitamka, maana maneno yangu yote nimeshamwambia.