Eti Alitabiri

Mwenzangu, nimejifungia chooni hapa kazini ili nikuandikie.

Lile tenki la maji la juu ya chumba cha cherehani limetoboa paa na kuangukia ndani. Bahati tulikuwa tumetoka kula. Sare zote za shule tulizoshona wiki hii zimelowa tope.

Tajiri wetu kaja mbio. Msimamizi wetu akashika kiuno mbele ya watu wote, akasema, "Mimi nilitabiri."

Nilitabiri!!

Huyu huyu! Jumatatu nilimwambia vyuma vinavyobeba tenki vimeliwa na kutu. Akanijibu, "Acha uchuro, dada. Usitutabirie mabaya."

Yaani nikitabiri mimi ni uchuro. Akitabiri yeye, tena tenki limeshalala sakafuni, ni hekima. Tangu lini mtu akatabiri jana?

Na tajiri naye ananigeukia: "Jifunze kwa mwenzako, anaona mbali." Anaona mbali! Na mimi hapo nimeshika ndoo na tambara.

Sasa sikiliza. Jumatatu ile sikuishia kusema kwa mdomo, niliandika kwenye daftari la zamu. Yeye akajibu chini yake kwa mkono wake: "Tenki ni zima. Acheni kututabiria mabaya." Akatia saini.

Basi na mimi natabiri moja, mapema, kama inavyotakiwa: kabla hatujafunga leo, ukurasa huo utakuwa umechanwa.

Nimeshaupiga picha. Huo hapo, utunze.