Chuo Ambacho Basi Halifiki

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Igamba tu wazima. Kahawa imeanza kuiva, na babu yako kikohozi kimemwacha. Nimeshusha pumzi kusikia fomu hujaituma. Unauliza kama ukifute kile chuo cha Mtwara kwa kuwa ni mbali.

Mimi baba alitaka nijaze vyuo vya barabarani tu, ambako basi la kutoka Nanyala lingenishusha mlangoni. Nikamtii, ila nafasi ya mwisho nikaandika chuo cha uuguzi, huko milimani. Ndicho kilichonichukua. Baba alibeba sanduku langu kichwani, akinung'unika njia nzima. Getini akawaona wasichana wenye sare nyeupe. Akalitua, akajifuta jasho.

"Kumbe panafikika," akasema.

Sanduku lile bado lipo. Babu yako ameshalifuta vumbi.

Bibi yako mzaa mama