Taa za Mzee Salim

Homa Bay, Jumapili, 12 Machi 1967

Na bado akanishukuru kwa kufika. Hilo ndilo linaloniuma.

Mzee Salim wa duka la nguo alinipa kazi ya kutundika taa mbili nzito juu ya tangi lake la kioo. Ndani alifuga samaki wa matumbawe, katika maji ya bahari aliyoyaleta kwa mapipa kutoka kwao Mombasa.

Ijumaa jua lilikuwa linashuka, na Sabato huanza likizama. Kuifikia boriti ya paa, ambayo ingebeba uzito ule, kungechukua saa nzima. Nikafunga kulabu kwenye mbao nyembamba za dari, nikakimbia nyumbani kuoga.

Jana, nikiwa kanisani naimba, taa zilianguka. Tangi likapasuka.

Leo nimewakuta samaki wamelazwa kwenye sinia, wa manjano na wa buluu.

“Ni makosa yangu, fundi,” mzee akasema. “Nilinunua taa nzito mno. Mtu wa Sabato kama wewe hawezi kulipua kazi.”

Nilifungua mdomo. Nikasema, “Pole, mzee.”

Sakafuni, kulabu moja ilikuwa bado imeshika kipande cha ubao wa dari. Niliiokota nikaitia mfukoni kabla hajaiona.