Wimbo wa Tisa wa Paa la Bati

Tarehe 6 Februari

Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kazi ya kushona viti vya magari haijakumaliza vidole. Huku sote tupo. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, mchana anayasahau, jioni anatukumbusha. Anakusalimu sana. Analalamika kwamba akikupigia simu hupokei, akikutumia ujumbe unajibu "sawa." Basi nimeamua kuandika, maana barua ya kurasa mbili huwezi kuijibu kwa neno moja bila kuona haya.

Bendi yetu, Paa la Bati, tunarekodi albamu mpya. Kampuni hatuna, studio hatuna. Tuna chumba cha nyuma cha seremala, mjomba wake Radi, ambaye amesafiri akatuachia ufunguo mpaka mwisho wa Aprili. Tumetundika magodoro ukutani. Radi akipiga dramu, vumbi la mbao linashuka kutoka darini na Mwalimu anapiga chafya, besi ikiwa shingoni. Ukisikiliza vizuri wimbo wa tatu, chafya imo. Tumeiacha.

Nyimbo nane zimekamilika. Wa tisa ni wako, ule uliotutungia ukiwa bado mwimbaji wetu, kabla ya upasuaji wako wa shingo. Tumemjaribu binti mmoja muuza vitabu, sauti yake safi kama glasi. Kila kitu anakiweka mahali pake, na wimbo bado umelala doro.

Njoo uimbe wewe. Haya, nimeshasema.

Mdogo wako

*

Tarehe 20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, na vidole vyote vipo. Mwambie Mama apunguze kupanda ngazi. Najua hatasikia, lakini mwambie.

Wewe umesema, na mimi niseme: siimbi. Hujanisikia tangu nilipohama. Ile sauti unayoikumbuka haipo. Daktari alieleza kwamba uvimbe ulikuwa umeng'ang'ania mshipa wa sauti kama kupe, hapakuwa na namna ya kuutoa bila kuugusa mshipa wenyewe. Namshukuru kwa uhai. Lakini sasa nikifungua mdomo inatoka sauti ya mtu anayeburuta kabati sakafuni. Juzi mteja kapiga simu karakana, akaniita "kaka," akaomba azungumze na yule fundi wa kike anayesifiwa. Nikamwambia yupo, ametoka kidogo.

Hapa napapenda kwa sababu hakuna anayejua nilikuwa nani. Cherehani inapiga kelele, mimi nakata ngozi, siku inaisha. Usinitoe huku nije kuaibika mbele ya maikrofoni. Wimbo mpeni binti, au mwuache.

Dada yako

*

Tarehe 9 Machi

Dada,

Shikamoo. Tu wazima, ila Mwalimu na mafua yake ya vumbi. Barua yako nilimsomea Mama. Pale kwenye "ametoka kidogo" alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Jana tumegombana. Mwalimu aliweka besi chini, akaanza kama anavyoanza darasani: "Wimbo usio na mwimbaji si wimbo. Nyimbo nane zinatosha albamu, tufunge kazi." Mimi nikapandisha sauti, yeye akapandisha. Radi, ambaye unajua huongea mara chache kuliko kupatwa kwa jua, akasema, "Hatujaujaribu chini."

Tukaushusha. Tukalegeza nyuzi mpaka gitaa likaacha kulia, likaanza kunguruma. Tukapunguza mwendo pia. Dada, si wimbo uleule! Sasa unatembea kama mtu mwenye mzigo mkubwa, lakini anayejua nyumba anayokwenda. Binti alijaribu kuuimba huko chini, akazama, akacheka mwenyewe.

Ndani ya bahasha kuna memori kadi. Ni gitaa, besi na dramu, bila sauti ya mtu. Sikuombi chochote. Usikilize tu.

Mdogo wako

*

Tarehe 11 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole kwa kusubiri. Natumaini Mama anaendelea vizuri na Mwalimu ameacha kupiga chafya ndani ya kazi za watu.

Udhuru sina. Kadi yako niliitumbukiza kwenye droo ya sindano, nikaapa sitaigusa. Kisha siku ya Jumanne fundi mkuu wetu akaenda kununua sponji, nikabaki na kiti cha lori, kile kirefu cha kukaa watu watatu. Kiti cha namna hiyo kinachosha roho. Nikavaa hedifoni.

Mwanzo nilisikiliza tu. Baadaye nikajikuta navumisha puani huku nashona. Nikafika penye ubeti wa kwanza, nikajaribu kuimba, nikaishia njiani. Si kwa sababu ya sauti, ndugu yangu. Kwa sababu ya maneno! "Nitapaa juu ya mapaa, mji wote unisikie." Mtu mwenye koo langu akiimba hivyo, hata paka ataondoka. Niliyaona maneno ya msichana fulani niliyewahi kumfahamu, nikakasirika, sijui kama nilimkasirikia yeye au mimi. Nikazima cherehani, nikachukua chaki ya kuchorea ngozi, nikaandika mengine juu ya kipande kilichobaki. Naandika, naimba, nafuta, naimba tena.

Kumbe fundi mkuu amesharudi, kasimama mlangoni na sponji lake kichwani.

"Nani alikuwa anaimba?"

"Redio."

"Redio gani inakosea halafu inaanza upya?"

Nikawasha cherehani. Naye akaenda zake kukata sponji.

Kibwagizo ni hiki:

*Sikuja kupaa, nimekuja kusimama,
niulizeni jina, nitalisema polepole.
Kilichobaki ni kidogo,
lakini kilichobaki ni changu.*

Beti ziko ukurasa wa pili. Mpe binti. Nadhani akikaza atafika.

Dada yako

*

Tarehe 16 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nitafupisha, tarishi anafunga mfuko wa barua.

Binti ameyasoma maneno yako mara mbili, akaikunja karatasi, akanirudishia. "Haya yana mwenyewe," alisema. "Akija, nitaitikia nyuma yake."

Seremala anarudi mwisho wa mwezi. Jumamosi tarehe ishirini na tano mlango utakuwa wazi tangu asubuhi. Usipokuja, albamu itatoka na nyimbo nane, na hakuna atakayekulaumu. Mama sijamwambia, asije akakesha mlangoni.

Mdogo wako

*

Tarehe 2 Julai

Dada,

Shikamoo. U hali gani? Sisi wazima, na magoti ya Mama yamepona kwa wiki nzima, nitakueleza kwa nini.

Jumamosi ile ulikuja, ukaimba mara mbili, ukakataa kusikiliza, ukakimbilia basi kabla Radi hajashusha fimbo zake. Kwa hiyo kuna mambo huyajui. Mara ya kwanza sauti ilikukatika katikati ya ubeti wa pili, ukavuta pumzi, ukaendelea. Mara ya pili ilinyooka. Mwalimu alitaka ile iliyonyooka. Tuliposikiliza zote mbili mfululizo, yeye mwenyewe akavua miwani, akaanza kuifuta, akasema, "Wekeni ya kwanza." Ndiyo iliyomo. Kasirika ukitaka.

Albamu imetoka. Mwandishi mmoja wa gazeti amesema Paa la Bati limeota kutu. Radi ameikata habari hiyo na kuibandika kwenye dramu. Lakini kituo cha redio kimeuchukua wimbo wa tisa, na watu wanapiga simu kuuliza ni nani yule.

Mama nilimsikilizisha wimbo huo jikoni. Alisimama mpaka mwisho. Nikangoja machozi. Badala yake akanigeukia na mwiko mkononi: "Kumbe anaimba! Mmenificha tangu lini?" Akatoka kwenda kwa jirani, akapanda ngazi zote.

Agosti tumeitwa kupiga katika miji mitatu. Binti atakuwepo kuitikia. Nafasi ya mbele iko wazi.

Mdogo wako

*

Tarehe 14 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, tena mzima kweli.

Habari ya sauti iliyokatika ilinichoma. Sikutaka kuusikia huo wimbo hata kwa dawa. Lakini fundi mkuu alinunua albamu bila kuniambia, akaipiga karakana kutwa nzima. Wimbo wa tisa ulipofika, dereva aliyekuja kuchukua viti vyake akasimama na ufunguo mkononi.

"Huyu mama ni nani?" akauliza. "Amepitia nini huyu?"

Fundi mkuu akajifanya anatafuta mkasi. Ningeweza kunyamaza, maana kunyamaza nimeshakuwa na shahada yake. Nikasema, "Ni mimi." Hakuhitaji ushahidi. Sauti yenyewe ilikuwa imeshajibu. Akanipa mkono, akaondoka akisahau kiti kimoja.

Agosti nitakuja. Ruhusa nimepewa, kwa sharti kwamba nimalize kwanza mabasi mawili ya shule. Safari hii mwambie Mama, na akeshe mlangoni akipenda.

Na mwambie Radi, aliyesema mjaribu chini, msizipandishe nyuzi. Kuna wimbo mwingine nimeuanza, na huu nimeutungia hukuhuku chini.

Dada yako